Jua ni la Bure, Betri ni Mshahara Wako



Mwaka 2007 mabamba ya jua ya kilowati 250 yalisimikwa juu ya Mlima Jali, jirani na Kigali, yakaunganishwa na nyaya za umeme wa taifa. Lakini mfanyakazi wa shamba ambaye nyaya hizo hazijamfikia hutegemea bamba dogo na betri, vitu alivyonunua kwa jasho lake. Betri ikifa mapema, ni mshahara uliopotea.

Tupige hesabu. Bamba la wati 50 hutoa ampea kama 2.8 kwa volti 17.5. Kidhibiti chaji cha bei nafuu hulishusha mpaka volti za betri, kama 12.5. Hapo zinapatikana wati 35 tu. Wati 15 zimepotea. Kidhibiti kilichoandikwa MPPT huokoa sehemu kubwa ya hasara hiyo, ila ni ghali. Basi majirani wachange, wanunue kimoja, wachaji betri zao kwa zamu.

Mengine hayana gharama kubwa. Futa vumbi. Kata tawi lenye kivuli, maana kivuli kidogo hupunguza umeme mwingi. Rwanda iko karibu na Ikweta, kwa hiyo bamba lilazwe, lenye mteremko mdogo wa kutiririsha mvua. Waya uwe mfupi na mnene. Betri ya risasi usiitumie kupita nusu yake, na ile yenye vifuniko uiongeze maji ya betri, si ya mtoni.

Ndugu, tulichokitolea jasho tukitunze. Umoja ni nguvu!