Taa ya Injini Inayozimwa na Kurudi

Wenye Subaru Impreza WRX wanaijua hali hii vizuri. Taa ya njano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi. Gari linapelekwa gereji, mashine ya kupimia inachomekwa, namba ya hitilafu inasomwa, kisha inafutwa. Taa inazimika, mwenye gari analipa na kuondoka. Baada ya siku chache taa imewaka tena, na namba ni ileile. Fundi wa pili anabadilisha sensa, taa inarudi. Wa tatu anashauri masega mapya, yaani kisafisha moshi kwenye ekzosi, ya bei ya kuumiza, nayo hayamalizi mwaka.

Chanzo cha mzunguko huu mara nyingi ni kuisoma namba ya hitilafu kama hukumu, wakati kazi yake ni kuonyesha uchunguzi uanzie wapi.

Taa hii ilizaliwa na sheria za hewa safi. Jimbo la California, Marekani, lilidai mfumo wa gari kujikagua kuanzia modeli za 1991. Toleo la pili, OBD-II, likawa lazima kwa magari mapya ya abiria nchini Marekani nzima kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani ni zao la sheria hizo. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kompyuta inalinda ni ubora wa moshi. Gari linaweza kwenda vizuri kabisa na taa ikawaka, na breki zinaweza kuwa zimekwisha bila taa hii kujua lolote.

Kompyuta haikioni kipuri kilichoharibika. Inasoma sensa, inafanya majaribio, na kulinganisha majibu na kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Kasoro nyingi sharti zijitokeze katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Zikipita safari tatu salama, taa hujizima, lakini kumbukumbu hubaki mpaka injini ipoe na kupata moto mara 40 hivi bila kasoro kurudi.

Hapa ndipo kufuta namba kunapomdanganya mwenye gari. Kufuta hurudisha majaribio yote mwanzo, na kila jaribio lina masharti yake. Jaribio la masega huhitaji injini iliyopata moto sawasawa na gari linalokwenda kwa mwendo thabiti kwa muda. Anayeshinda kwenye foleni za Dar es Salaam, kati ya Ubungo na Posta, anaweza kukaa siku nyingi masharti hayo yasitimie. Siku anaposhika njia ya Morogoro, jaribio linakamilika na taa inawaka akiwa anakaribia Chalinze. Atasema safari ndefu imeharibu gari, kumbe ugonjwa ulikuwapo siku zote, haukuwa umepimwa tu.

Kufuta kunapoteza pia ushahidi. Kasoro inapothibitika, kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji na mzigo uliokuwapo. Fundi makini huanza na kumbukumbu hiyo. Kuchomoa waya wa betri ili taa izime kunaweza kuifuta vilevile.

Tuchukue namba P0420, inayowasumbua sana wenye magari ya turbo. Maana yake ni kwamba ufanisi wa masega uko chini ya kiwango. Masega ni kauri yenye vitundu vingi, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayogeuza gesi zenye sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Masega mazima huhifadhi oksijeni, kwa hiyo sensa iliyo nyuma yake hutulia, kwa kawaida kwenye volti 0.6 hadi 0.7. Sensa hiyo ikipanda na kushuka upesi kati ya volti 0.1 na 0.9, masega yanashukiwa.

Yanashukiwa tu, kwa sababu ufa kwenye ekzosi mbele ya sensa unaweza kuvuta hewa ya nje na kuidanganya kompyuta. Kwa hiyo anza na kilicho rahisi: kagua maungio ya ekzosi, waya na sensa zenyewe. Kisha nenda kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa.

Petroli huungua sawasawa kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Kompyuta huongeza au kupunguza mafuta ili kubaki hapo, na mashine ya kupimia huonyesha marekebisho hayo kwa asilimia. Karibu na sifuri ni salama. Yakizidi 10, kuna la kutafutwa. Yakikaribia 25 upande wa kuongeza, tegemea namba P0171, yaani hewa imezidi. Marekebisho yakiwa makubwa injini ikinguruma pasipo kukanyagwa, na kushuka ikifika mizunguko 2,500, shuku hewa inayopenya mahali isipopimwa. Yakipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu dhaifu ya mafuta, chujio lililoziba au kipima hewa kichafu.

Kwenye turbo kuna mtego zaidi. Mpira mdogo uliopasuka baada ya mlango wa hewa hunyonya hewa ya ziada injini ikiwa imetulia. Turbo ikianza kusukuma, mpira uleule hutoa nje hewa ambayo imekwisha kupimwa na kupangiwa mafuta: gari linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Ufa mmoja unaleta dalili mbili zinazopingana, na anayebahatisha vipuri hataupata. Kipimo chake ni kupuliza moshi maalumu kwenye njia ya hewa na kuangalia unapotokea.

Hata masega yakithibitika kufa, swali linabaki: yaliuawa na nini? Injini ya WRX ina silinda zilizolala, na plagi zimebanwa ubavuni karibu na bodi, kwa hiyo mafundi wengi huziruka wakati wa sevisi. Plagi au koili ikichoka, petroli isiyoungua huingia kwenye masega, huwakia humo na kuyayeyusha. Mafuta ya injini yanayopita kwenye ringi au sili za turbo nayo huyapaka utando. Masega mapya kwenye injini yenye ugonjwa huo yatakufa vilevile.

Wanaopenda mwendo huongeza matatizo yao. Chujio la hewa lililolowekwa mafuta kupita kiasi linaweza kuchafua kipima hewa. Ekzosi iliyoondolewa masega huwasha taa kwa haki. Wanaoidanganya sensa ili taa inyamaze wanapoteza onyo la kesho, na kuwavutisha watoto wa mtaani kwao hewa chafu.

Taa ikianza kumweka mfululizo, usisubiri. Silinda inashindwa kuchoma mafuta kiasi cha kuharibu masega wakati huohuo. Ondoa mguu, egesha, ita msaada.

Ukifika gereji, dai mambo manne: namba iandikwe pamoja na kumbukumbu ya tukio, marekebisho ya mafuta yasomwe injini ikiwa imetulia na ikiwa na mzigo, uvujaji upimwe, na baada ya matengenezo mashine ionyeshe kuwa majaribio yamekamilika. Usikubali kipuri kibadilishwe kabla ya kupimwa. Fundi anayekataa kupima, mpe ufunguo wa gari mtu mwingine.