Sarafu za Majaribio na Senti Kumi ya Mzee wa Hima

Hivi karibuni nilipofika Hima, wilayani Kasese, kwa shughuli za kikazi, mzee mmoja aliyepata kufanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe alinijia akiwa na senti kumi yenye tundu katikati. "Afande," aliniambia, "wewe umesoma. Nasikia sarafu hii inauzwa kwa mamilioni huko Uingereza." Mtu mmoja waliyekutana sokoni Bwera alikuwa amemwahidi kumtafutia mnunuzi, ila kwanza mzee atoe ada ya uchunguzi. Fedha za ada hiyo mzee alikuwa amekwisha kuzikopa.

Niliichukua sarafu nikaisoma. Pembe za ndovu zimelizunguka tundu, mwaka ni 1936, na jina la mfalme ni Edward wa Nane. Nilifahamu mara moja uvumi ule ulikotoka, kwa maana ndani yake mna chembe ya ukweli.

Kabla serikali yo yote haijatoa sarafu mpya, kiwanda hupiga chapa kwanza vipande vichache vya majaribio, ili wakuu wapime sura, uzito, ukubwa na madini yake. Sisi wanajeshi twaielewa desturi hiyo: hata buti hazifai kugawiwa kikosi kizima kabla ya askari wachache kupita nazo matopeni. Kipande kikikubaliwa, huwa mfano wa mamilioni yatakayofuata. Kikikataliwa, hufungiwa kabatini au huyeyushwa, na vile vichache vinavyosalimika ndivyo wakusanyaji wanavyovigombea minadani. Wafaransa huviandika neno ESSAI, maana yake jaribio; wako watu wenye kuzitafuta zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Visiwa vya Komoro mwaka 1964.

Edward wa Nane alirithi ufalme Januari 1936, akajiuzulu Desemba mwaka huo huo. Kiwanda cha Kifalme cha Uingereza kilikuwa kimekwisha kutengeneza sarafu za majaribio zenye sura yake, akitazama kushoto kama baba yake. Desturi ilimtaka ageukie upande wa pili, lakini mwenyewe aliupenda upande ule wa uso wake. Sarafu hizo hazikutolewa kwa umma, na zilizobaki ni chache mno. Moja ya dhahabu, ya thamani ya pauni moja, iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja.

Basi uvumi ulianzia hapo. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, wala hazikuwa na uso wa mfalme. Kilichohitajika ni kubadili jina tu. Kwa hiyo zilipigwa chapa mapema, London na katika viwanda viwili vya Birmingham vilivyotia alama za H na KN, zikaletwa kwetu kwa wingi na kutumika madukani. Mfalme ni yule yule, na mwaka ni ule ule, lakini senti kumi ya mzee haikuwa jaribio, na leo mkusanyaji huipata kwa bei ndogo.

Tena kuna majaribio ambayo hayakuishia kabatini. Mwaka 1907 himaya za Afrika Mashariki na Uganda zililetewa senti moja ya alumini, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo. Unyevu wa nchi zetu uliila. Kufikia 1909 ikabadilishwa kuwa ya shaba na nikeli. Wananchi ndio waliokuwa maabara. Wamarekani nao, shaba ilipopanda bei, walitengeneza senti za alumini zaidi ya milioni moja zenye mwaka 1974, wakawagawia wabunge baadhi wazitazame, kisha wakaghairi na kuyeyusha. Chache hazikurudi. Moja iliyojitokeza baadaye ilidaiwa na serikali yao kuwa ni mali yake, ikarudishwa mwaka 2016. Kumiliki sarafu ya jaribio, basi, si lazima kuwe baraka.

Mzee alicheka niliposimulia habari za bei ya shaba, kwani aliichimba. Nilimkumbusha kwamba sarafu ya shilingi ya Uganda ya mwaka 1976 ilikuwa chuma kilichopakwa shaba na nikeli, wakati ile ya 1966 haikuwa na chuma. Alitoa sumaku kutoka katika kikasha chake cha vifaa, tukajaribu: ya 1976 ikanaswa, ya 1966 ikabaki mezani.

Sarafu ya kutafuta hasa ni shilingi tano ya mwaka 1972, ya zama za Idi Amin. Hiyo iliondolewa katika mzunguko, na karibu zote zikayeyushwa. Mwaka ndio wa kuangalia, kwa sababu shilingi tano za 1987 ni nyingi. Na atakayeipata asiisugue kwa majivu wala kwa mchanga. Mng'ao wa kusugua huwafukuza wanunuzi. Wala asimlipe mtu kabla hajauza.

Mzee alisema fedha za watu atazirudisha jioni ile ile. Kisha akaipitisha senti kumi katika uzi wake, pamoja na funguo za nyumba, akaenda kufungua sanduku la marehemu kaka yake, aliyekuwa na duka mwaka 1972.