Mitumba Maganzo: Mteja ndiye anayepanga bei

MFANYABIASHARA wa nguo za mitumba hununua mzigo asiouona ndani. Mteja wake hununua nguo baada ya kuigeuza, kuivuta na kuinusa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atapata faida na nani atapoteza mtaji katika biashara hii, ambayo wengi huingia wakidhani ni rahisi.

Mfano mzuri ni Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kwenye barabara kuu iendayo Mwanza. Mji huu upo jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa Mkanada John Williamson mwaka 1940. Watu wake wanajua vizuri kazi ya kuchekecha kokoto nyingi ili kupata punje moja ya thamani. Mbele ya turubai la mitumba hufanya kazi ile ile.

Biashara yenyewe si ngeni. Mapema miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu madukani. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, marobota ya nguo kuukuu yalimiminika nchini. Nguo zilizokuwa zikiitwa "kafa Ulaya" kwa kejeli zikawa vazi la mwalimu, karani na mkulima.

Mteja anapitia nini

Mnunuzi mzoefu haanzi na bei. Huanza na mwanga. Huitoa nguo kivulini na kuiinua kuelekea jua ili matundu yaonekane. Kisha hutazama kola, kwapa na mishono ya mapajani, maana huko ndiko nguo huchoka kwanza. Zipu huipandisha na kuishusha zaidi ya mara moja.

Vyumba vya kujaribia ni vichache. Suruali hupimwa kwa kuzungusha kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana, huaminika kwamba itamtosha. Akina mama huvaa gauni juu ya nguo walizo nazo, au mwenzake humzibia kwa kanga.

Hapo ndipo mazungumzo huanza. "Mayu, hii ni gredi ya kwanza, haijavaliwa," husema muuzaji. "Kaka, hiki kifungo kimoja hakipo, nipunguzie," hujibu mteja. Kila kasoro inayotajwa ni hoja ya bei. Kwa maneno mengine, mteja ndiye mkaguzi wa mwisho wa bidhaa, tena halipwi mshahara kwa kazi hiyo.

Malalamiko ya wateja yanafanana karibu kila soko la mitumba. La kwanza ni doa au tundu linalogunduliwa nyumbani baada ya kufua. La pili ni bei inayobadilika kwa kutazama sura na viatu vya mnunuzi. La tatu ni kwamba nguo nzuri huwa zimekwisha kuchukuliwa na marafiki wa muuzaji kabla belo halijamwagwa.

Muuzaji anayejibu malalamiko hayo kwa kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" ajue mambo mawili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Halafu Maganzo ni padogo. Mteja aliyeuziwa suruali yenye zipu mbovu huweza kuwasimulia majirani zake wote kabla ya jua kuzama.

Hesabu ya belo

Belo la kawaida huwa na kilo 45. Idadi ya nguo hutegemea uzito wa kila moja. Shati jepesi la gramu 225 hutoa mashati 200 kwa belo. Suruali ya jinzi ya gramu 600 hutoa suruali 75 tu. Anayelinganisha bei za mabelo bila kuuliza ni nguo za aina gani anajidanganya.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei halisi ya soko. Belo la mashati 200 limenunuliwa kwa shilingi 400,000, na usafiri na ushuru vimegharimu shilingi 40,000. Jumla ni 440,000, yaani wastani wa shilingi 2,200 kwa shati.

Mashati 40 ni mazuri sana na yanauzwa shilingi 6,000 kila moja. Mia moja ni ya kawaida, shilingi 2,500. Hamsini yamechoka, shilingi 1,000. Kumi yamechanika na hayauziki. Mapato ni shilingi 540,000 na ziada ni 100,000, kabla ya pango la kibanda na chakula cha muuzaji. Hiyo ni karibu asilimia 23 ya mtaji.

Sasa tuseme bahati imepungua: mashati mazuri ni 20 badala ya 40, na 20 yaliyobaki yameshuka kuwa ya kawaida. Mapato yanakuwa shilingi 470,000 na ziada 30,000 tu, chini ya asilimia saba. Belo ni lile lile, bei ya kununulia ni ile ile. Mashati 20 tu ndiyo yamekula shilingi 70,000.

Funzo ni kwamba faida yote imo katika nguo chache za juu. Shati la kawaida linaleta ziada ya shilingi 300, na lililochoka linauzwa kwa hasara ya shilingi 1,200. Anayeuza zote kwa bei moja ya shilingi 2,500 atafurahia siku ya kwanza, kwa sababu wateja watagombania yale 40 mazuri. Wiki ya pili atabaki na masalia ambayo hakuna anayeyataka kwa bei hiyo.

Ndiyo sababu wauzaji wazoefu hutenganisha mali. Nguo za juu hufuliwa, hupigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Za kati hupangwa mezani. Za mwisho humwagwa chini kwenye turubai na kunadiwa kwa kelele. Mteja anayetaka kukagua kwa utulivu hulipia utulivu huo. Anayetaka bei poa huinama na kuchambua mwenyewe.

Fedha za Maganzo zina majira

Mzunguko wa fedha katika mji huu haufanani na wa mji wa wafanyakazi wa ofisini. Mchimbaji mdogo anaweza kukaa wiki nyingi bila kitu, kisha akauza jiwe na kununua nguo tatu bila kuomba kupunguziwa. Mkulima wa pamba hupata fedha msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei. Mwajiriwa wa mgodi husubiri mwisho wa mwezi.

Mifuko hiyo hutikisika pia. Mgodi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji mwaka 2020 soko la almasi lilipoanguka kwa sababu ya korona, ukarejea mwaka 2021. Novemba 2022 bwawa lake la tope lilibomoka, uzalishaji ukasimama tena hadi mwaka 2023. Katika mji wa namna hii, nguo ni kitu cha kwanza kuahirishwa; unga hauahirishwi. Mwenye mabelo matatu yaliyonunuliwa kwa mkopo wakati kama huo hulipa riba juu ya mali iliyolala.

Tena mteja wa Maganzo ana njia mbili za kutokea. Kusini iko Shinyanga mjini, kaskazini iko Mwanza. Bei ikizidi bei ya huko kwa kiasi kinacholingana na nauli, mteja hupanda basi. Nauli ndiyo dari ya bei ya muuzaji wa Maganzo.

Yanayotoka nje ya nchi

Zipo gharama ambazo muuzaji hana la kufanya juu yake. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya nguo. Tanzania ilipandisha kiwango cha chini cha ushuru kutoka senti 20 hadi senti 40 za dola kwa kilo. Kwa belo la kilo 45 hiyo ni dola 18 badala ya 9.

Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika mwaka 2017, na Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo wa kuzuia. Rwanda iliyokataa ilisimamishiwa mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Mkulima wa Kishapu anayeuza pamba yake kisha akanunua shati lililovaliwa Ulaya ana haki ya kujiuliza thamani imebaki wapi. Lakini siku ya leo anahitaji shati, na analipima kwa bei yake na mshono wake.

Ushauri kwa wenye mtaji mdogo

Kwanza, anza na belo moja la aina unayoifahamu, na andika kila nguo iliyouzwa na bei yake. Baada ya mabelo matatu utajua ni msambazaji gani anakupa nguo za juu nyingi.

Pili, kagua kabla ya mteja. Kifungo na zipu vikishughulikiwa na fundi cherehani huweza kuipandisha nguo daraja moja. Kasoro isiyorekebishika itaje mwenyewe na uipunguzie bei. Hilo hugharimu kidogo kuliko mteja aliyepotea.

Tatu, epuka nguo za ndani. Shirika la Viwango (TBS) limezipiga marufuku, na zikikamatwa ni hasara ya moja kwa moja.

Nne, usishikilie masalia ukingoja bei ya kununulia. Shati lililochoka likiuzwa shilingi 1,000 leo hurudisha fedha kwenye mzunguko. Likikaa miezi mitatu linakula nafasi ya shati linalolipa. Mteja ameshalipitia, akaligeuza juani na kulirudisha chini. Bei yake amekwisha kuitaja.