Magugu Yanayohifadhi Ugonjwa wa Milia ya Mahindi

Mahindi yanapoota milia ya manjano kwenye majani, wakulima wengi hulaumu mbegu au udongo. Sivyo. Ugonjwa huo huletwa na virusi, wala havienezwi kwa mbegu au udongo. Mwaka 1925 mtaalamu H. H. Storey, aliyefanya kazi baadaye Amani katika milima ya Usambara, alieleza kuwa huenezwa na mdudu mdogo arukaye ambaye hufyonza utomvu wa majani.

Mahindi yakishavunwa, ugonjwa hauishi. Zaidi ya aina 80 za nyasi, yakiwamo magugu ya kawaida ya mashambani, huweza kuhifadhi virusi hivyo, na baadhi yake huonyesha dalili hafifu tu. Mahindi mapya yachipuapo, mdudu huondoka nyasini na kuyavamia. Mche ukiambukizwa ungali mchanga hudumaa, na huenda usizae hindi hata moja. Ukiambukizwa umekwisha kukua, hasara hupungua.

Hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuugua. Kinga ni kupanda mbegu zenye ukinzani, kupalilia mapema na kutopanda kando ya shamba lililougua. Lakini mdudu hajui mpaka wa shamba. Mwanachama apandaye kwa kuchelewa hupokea wadudu waliokwisha kuzaliana katika mashamba ya jirani. Hivyo inafaa kila chama kipatane siku za kupanda na kupalilia katika mkutano wa wanachama, kabla mvua hazijaanza.