Mtama: Jua, Ndege na Kinu

Mkoani Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ikikatika wiki tatu za Februari, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele na ndevu, mkulima amekwisha. Chavua hukauka, magunzi hutoka na punje za kuhesabu, na mvua ikirudi haifufui kitu. Mtama hustahimili kwa namna yake. Majani yake yana utando wa nta, tena hujikunja ili yasipoteze maji. Mizizi hufuata unyevu chini kabisa. Mmea wenyewe husimama kukua, ukangoja. Mvua ikirejea, unaendelea. Hata bua kuu likifa, machipukizi ya pembeni yaweza kubeba masuke.

Kwa nini basi hata Ugogoni, mkoani humo, watu hung'ang'ania mahindi? Husemwa kwamba wamezoea sembe. Kusema hivyo ni kuwaonea.

Kwanza kuna ndege. Hindi limefunikwa na maganda. Suke la mtama liko wazi juu ya bua. Kwelea kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 kabla jua halijazama. Ndiyo maana tangu alfajiri lazima mtu awe juu ya dungu, kombeo mkononi, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi ndege huukwepa kwa uchungu wake, lakini uchungu huohuo huingia kwenye ugali. Mbegu nyeupe kama Macia, iliyoidhinishwa Tanzania mwaka 1999, hukomaa mapema na unga wake ni mzuri. Ndege nao wanazipenda punje zake. Kijiji kizima kikipanda kwa wakati mmoja, hasara hugawanyika. Anayepanda peke yake huwalisha wote.

Halafu kuna kinu. Kupura, kupepeta, kutwanga hadi ganda litoke: kazi hiyo huwaangukia wanawake, wakati mashine ya jirani imewekwa kwa ajili ya mahindi. Ningekabidhiwa fedha za kupambana na njaa katika wilaya kame, ningenunua mashine ya kukoboa mtama kabla ya kugawa mbegu.