Kuwafundisha Watoto Kuimba

Ninyi baba na mama wenye watoto katika kwaya, mwezi huu twataka kusema nanyi habari za sauti ya mtoto. Katika Lipangalala, kama katika mitaa mingine ya Ifakara, watoto wengi huanza kuimba kanisani kabla hawajajua kusoma vizuri, nasi twalifurahia jambo hilo. Lakini wako vilevile walioingia kwa furaha wakatoka kwa haya, maana waliambiwa mbele ya wenzao kwamba hawana sauti. Mtoto akiisha kuambiwa neno hilo, huweza kulichukua mpaka uzee wake. Ni wangapi kati yetu, wake kwa waume, wafungao midomo wimbo uanzapo, kwa sababu ya neno moja la utotoni?

Basi twasema wazi: mtoto asiyeshika sauti asifukuzwe. Mara nyingi kosa si lake. Angalieni jinsi mafundisho yanavyokwenda. Mwalimu ni mwanamume. Huimba wimbo kwa sauti yake nzito, kisha huwaambia watoto waimbe kama yeye. Mtoto mwepesi wa kusikia hupanda mwenyewe mpaka mahali pa sauti yake, yaani hushika do ya juu badala ya ile ya mwalimu, wala haoni shida. Mwenzake humfuata mwalimu kule chini kama alivyoamriwa, hafiki, akabaki akinguruma pasipo wimbo. Huyo ndiye aitwaye mbovu, naye kumbe ni mtii. Dawa yake ni nyepesi. Msichana mmoja mwenye sauti safi aimbe kwanza, na mwalimu anyamaze. Au mwalimu mwenyewe aimbe kwa sauti nyembamba, hata wakimcheka. Tena yule asiyeshika asimame kati ya wawili washikao, wala asitajwe jina. Wengi hunyoka hivyo, ila yataka miezi, si siku.

Mvulana wa miaka 12 au 14 ambaye sauti yake yaanza kuvunjika, asilazimishwe kupanda. Aimbe pale katikati panapomwelekea, au apumzike kidogo huku akisaidia kugawa vitabu.

Jambo la pili ni kelele. Koo la mtoto ni dogo na laini, na sauti yake kwa asili ni nyepesi. Mwalimu apazapo neno "Ongeza! Ongeza!" ili watoto washindane na kinanda cha umeme na ngoma zake, wao hukaza shingo, mishipa ikatokeza, na kinachotoka si wimbo tena. Sisi hatupendezwi sana na vinanda hivyo katika kwaya ya watoto. Waliochanga fedha kuvinunua watatuwia radhi. Wafundishwe kwanza pasipo chombo chochote, wasikilizane wao kwa wao.

Na hapa kwetu Kilombero kelele ina mlango mwingine. Mpunga ukianza kushika punje, watoto hukaa madunguni kuamia ndege, na kazi hiyo hufanywa kwa ukelele tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Akirudi kwaya baada ya wiki mbili, mtoto amepwewa na sauti, naye mwalimu hushangaa. Wazazi, kazi ya shamba hatuipingi, kwa kuwa ndiyo chakula. Lakini mfungieni kamba zenye makopo matupu kutoka dunguni mpaka mwisho wa shamba, avute yalie. Mpeni na kombeo. Ndege wataruka vilevile, na koo litapona. Na akirudi amepwewa, akae siku chache akisikiliza tu, wala asiseme kwa kunong'ona, maana hata mnong'ono huichosha sauti.

Mashamba yetu mengi yako mbali, na baadhi ya jamaa huhamia huko kwa wiki na miezi. Kwaya hupungua nusu. Mwalimu mmoja hukasirika na kuwafuta katika orodha. Mwingine huwaandikia nyimbo waende nazo. Huyu wa pili ndiye tumsifuye, na kazi yake huwezekana kwa zile herufi saba: d, r, m, f, s, l, t.

Mtu asidhani kwamba herufi hizo ni mambo ya wasomi wakubwa. Tangu mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya watoto na wanafunzi. Katika karne ya 11 mmonaki Guido wa Arezzo, huko Italia, aliona waimbaji wakipoteza miaka mingi kukariri nyimbo moja moja. Akatwaa wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza hupanda ngazi moja moja, akachukua silabi ya kwanza ya kila mstari: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Katika karne ya 19 mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alizitumia kwa herufi za kawaida ili watoto wasome kwa urahisi, na mchungaji John Curwen akazieneza. Kwa kuwa herufi za kawaida hupigwa chapa na mtambo wowote, zilifika upesi katika misioni za Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliandika nyimbo zake kwa njia hiyo. Na ule alioutunga mwaka 1897 ndio uliotupa sauti ya wimbo wetu wa Taifa. Watoto wetu huuimba shuleni.

Katika kuchagua nyimbo, mwalimu aangalie maneno. Kiswahili hukazia silabi ya pili toka mwisho, na sauti nyingi zilizoletwa kutoka Ulaya hazikujua hilo. Mkazo ukihama, neno "barabara" la njia huweza kugeuka "barabara" la sawasawa, na mtoto huimba asichokielewa. Padre Stephen Mbunga, mzalendo wa nchi hii, aliandika kitabu juu ya muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliziruhusu lugha za wenyeji katika ibada. Nyimbo zilizotungwa kwa Kiswahili chenyewe, zenye kiongozi na kiitikio, watoto huzishika upesi. Kuitikia wamekwisha kujua tangu michezo ya uwanjani.

Mavuno yakiisha, jamaa hurudi mjini. Mwezi wa Agosti basi ndio wa kuandikisha watoto wapya, ili wawe tayari kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, tarehe 22 Novemba, kabla kilimo hakijawachukua wengi tena. Miezi hiyo yatosha kwa nyimbo nne au tano za sauti moja. Sauti ya pili ingoje mwaka ujao. Mtoto aje na daftari, kalamu ya risasi na chupa ya maji, na mazoezi yaishe mapema, afike nyumbani kabla ya giza.