MOSHI NI KUNI ZISIZOUNGUA
Maelezo kwa wananchi juu ya kuchagua jiko la kuni lisilotoa moshi mwingi

Wakaazi wa Unguja na Pemba wanaopikia kuni wanaelewa vyema namna macho yanavyowasha alfajiri, pale moto unapokataa kushika na moshi ukajaa jikoni. Aghlabu jambo hilo huchukuliwa kuwa ni sehemu ya mapishi, mfano wa machozi ya mwenye kukata vitunguu. Ukurasa huu unakusudia kueleza kwamba sivyo. Moshi ni madhara yanayoweza kupunguzwa, na katika baadhi ya nchi umewekewa sheria, mipaka na adhabu. Makala haya yataeleza moshi ni kitu gani. Vipi miji iliyouwekea mipaka huyapima majiko. Mambo ya kutazama kabla ya kununua au kujenga jiko. Namna ya kuziandaa kuni. Na mwisho, yale ambayo jiko la kuni, hata likiwa bora, haliwezi kuyafanya.

MOSHI NI KITU GANI?

Ukuni ukipata joto hauungui wote kwa mara moja. Kwanza maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke. Baada ya hapo ukuni hutoa gesi na mvuke wa lami, ambavyo kwa pamoja ni takriban robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu. Gesi hizo zikikutana na hewa ya kutosha mahali penye joto kali huwaka, nazo ndizo ndimi za moto tunazoziona. Zikikosa hewa, au zikipoa kabla ya kuwaka, hutoka kama zilivyo. Na huo ndio moshi.

Kwa hivyo moshi ni kuni zisizoungua. Mwenye jiko linalofuka hupata khasara mara mbili: kuni alizozinunua au kuzibeba kichwani zinatokea dirishani, na sumu yake inaingia kifuani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na nishati za kupikia zenye moshi, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kati ya hivyo, zaidi ya 237,000 ni vya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Miongoni mwa maradhi yanayohusishwa na hewa hiyo ni nimonia ya watoto, maradhi sugu ya mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na mtoto wa jicho. Wanaopata sehemu kubwa ya madhara hayo ni wale wanaokaa karibu na moto kwa muda mrefu, nao ni mama na mtoto aliye mgongoni au pembeni mwake.

MAENEO YALIYOWEKEWA MIPAKA YA MOSHI

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uingereza. Katika mwezi wa Disemba 1952 mji wa London ulifunikwa kwa siku 5 na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Makadirio ya awali yalitaja vifo 4,000, na uchunguzi uliofanywa baadaye umefikisha idadi hiyo hadi kiasi cha 12,000. Msiba huo ndio uliozaa Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, iliyozipa mabaraza ya miji uwezo wa kutangaza maeneo ya kudhibiti moshi. Sheria hiyo ilikusanywa upya mwaka 1993.

Katika maeneo hayo nchini England, mwenye nyumba ambaye dohani lake linatoa moshi mwingi anaweza kutozwa faini ya pauni 175 hadi 300. Anayetaka kuchoma kuni hana budi kutumia jiko lililopimwa na kuingizwa katika orodha iliyoidhinishwa. Kipimo kilichotumika kwa muda mrefu ni gramu 5 za moshi kwa saa, pamoja na nyongeza ndogo kwa kadiri ya nguvu ya jiko. Aghlabu majiko hayo hutengenezwa kwa namna ambayo tundu la hewa haliwezi kufungwa kabisa, kwa sababu moto ulionyimwa hewa ndio unaofuka zaidi. Nako Montréal, nchini Canada, tangu tarehe 1 Oktoba 2018 jiko la kuni haliruhusiwi kutumika ila liwe limethibitishwa kutoa chembechembe zisizozidi gramu 2.5 kwa saa. Siku ambayo mamlaka imetoa tahadhari ya hewa chafu, hata jiko lililothibitishwa huwa marufuku.

Majiko ya nchi hizo kwa kawaida ni ya kupashia nyumba joto, na ya kwetu ni ya kupikia. Hata hivyo, kanuni za moto ni zile zile, na yapo mafunzo mawili ya kuchukua. La kwanza ni kwamba jiko huhukumiwa kwa kipimo, si kwa sura yake wala kwa maneno ya muuzaji. La pili ni kwamba sheria haitazami jiko peke yake. Tangu tarehe 1 Mei 2021, kuni zinazouzwa England kwa kiasi kidogo hazitakiwi kuwa na unyevu unaozidi asilimia 20. Jiko lililoidhinishwa likitiwa kuni mbichi hurudi kuwa jiko la moshi.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KUNUNUA

Mnunuzi wa kwetu aghlabu haoneshwi orodha yoyote anapofika dukani au kwa fundi. Kwa hivyo inampasa atazame na kuuliza yeye mwenyewe mambo yafuatayo:

(a) Chumba cha moto. Mafiga matatu huacha joto lipeperuke pande zote, na gesi za ukuni hupoa kabla ya kuwaka. Jiko zuri lina chumba kidogo kilichozungukwa na udongo wa kuchoma au kitu chengine chepesi kinachozuia joto kupotea. Namna moja iliyoenea ni ile ambayo kuni huingizwa kwa ubavuni na moto hupanda juu kwa njia nyembamba iliyosimama. Kanuni zake zilitungwa na Mmarekani Larry Winiarski katika miaka ya 1980. Jiko la bati tupu, hata likipakwa rangi ya kupendeza, hupoteza joto jingi na huliwa na kutu mapema.

(b) Njia ya hewa. Kuni zisilale juu ya majivu. Ziwekwe juu ya kichanja cha chuma au cha udongo, ili hewa ipite chini yake na kufika kwenye makaa. Mdomo wa jiko uliosongwa kwa kuni hauingizi hewa. Yapo pia majiko yenye feni ndogo ya betri au ya umeme wa jua, ambayo huchanganya hewa na gesi vizuri zaidi. Lakini mnunuzi aulize kwanza nani atalitengeneza feni hilo likiharibika.

(c) Makao ya sufuria. Sufuria ikizama mno, ndimi za moto huigusa zikiwa bado hazijamaliza kuungua, na hapo masizi huganda. Ikikaa juu mno, joto hupotea. Tako la sufuria ni shahidi mwema: masizi mengi ni dalili ya moto usiokamilika.

(d) Ukubwa. Jiko lichaguliwe kwa kadiri ya sufuria inayotumika kila siku, si kwa ile ya harusi au ya maulidi. Jiko kubwa lenye moto mdogo hufuka, na jiko dogo lililosheheni kuni hufuka vile vile.

(e) Dohani. Dohani hutoa moshi jikoni, lakini haliupunguzi. Katika mitaa iliyobanana, kama vile Mji Mkongwe na Ng'ambo, moshi unaotoka kwako huingia kwa jirani. Kwa hivyo dohani ni nyongeza ya jiko zuri, si badala yake. Lisafishwe masizi mara kwa mara. Mwenye nyumba ya makuti achukue tahadhari kubwa: bomba la moto lisipitishwe katika makuti wala karibu na boriti bila ya kinga iliyowekwa na fundi anayeijua kazi hiyo.

(f) Uthibitisho. Tangu mwaka 2018 kuna utaratibu wa kimataifa wa kupima majiko ya kupikia katika maabara na kuyapa daraja kuanzia 0 hadi 5. Kila sifa hupewa daraja yake: moshi, gesi ya kaboni monoksaidi, matumizi ya kuni, usalama na uimara. Jiko linaweza kupata daraja ya juu kwa kubania kuni na daraja ya chini kwa moshi. Mnunuzi asiridhike na maneno "jiko banifu". Aulize daraja ya moshi ni ipi, na jiko lilipimwa kwa kuni za namna gani.

(g) Jaribio. Pasipokuwa na cheti, muuzaji aombwe aliwashe jiko mbele ya mnunuzi, kwa kuni na sufuria zinazofanana na za nyumbani. Moshi wa mwanzo ni wa kawaida. Lakini ikiwa moto umeshashika vizuri na moshi bado unatoka, basi jiko hilo si la kununua, hata likiwa la bei nafuu. Rahisi huwa ghali.

KUNI NAZO NI SEHEMU YA JIKO

Ukuni uliokatwa leo unaweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Maana yake ni kwamba kilo 1 ya kuni hizo imebeba nusu kilo ya maji, na maji yote hayo lazima yakaushwe na moto kabla ya sufuria kupata faida. Hapana jiko linaloweza kuiondoa khasara hiyo.

Kuni zipasuliwe vipande vyembamba, kwani gogo zima hukauka polepole mno. Zipangwe juu ya vijiti ili zisiguse ardhi, zifunikwe juu, na ubavuni ziachwe wazi upepo upite. Wakati mzuri wa kazi hii ni kaskazi, ili masika yakiingia kuni ziwe zimeshawekwa bandani. Ukuni mkavu huwa na nyufa kwenye ncha zake, maganda yake hubanduka, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali. Anayetaka hakika zaidi apime kipande kimoja katika mizani kila wiki. Uzito usipopungua tena, kimekauka.

Makumbi ya nazi yenye unyevu hufuka sana, na hayafai ndani ya nyumba. Plastiki, mbao zilizopakwa rangi na mbao zilizotiwa dawa zisitiwe jikoni kabisa, kwani moshi wake una sumu zaidi. Kadhalika wananchi wanakumbushwa kwamba Sheria Nambari 10 ya mwaka 1996 iliweka utaratibu wa kusimamia na kuhifadhi rasilimali za misitu ya Zanzibar, mikoko ikiwa miongoni mwake. Jiko linalotumia kuni chache huinusuru pia misitu hiyo.

YALE AMBAYO JIKO HALIWEZI KUYAFANYA

Si haki kumwambia mwananchi kwamba jiko jipya litamaliza kila dhara. Nchini Guatemala, uchunguzi uliofanywa katika nyumba 534 ulionesha kwamba majiko ya kuni yenye dohani yalipunguza kiasi cha nusu ya kaboni monoksaidi iliyowafikia watoto, na nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja. Hata hivyo, upungufu wa nimonia kwa ujumla haukuweza kuthibitika. Nchini Malawi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 na uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 haukuona tofauti yoyote ya nimonia baina ya nyumba zilizopewa majiko ya feni na zile zilizoendelea na moto wa kawaida. Watafiti walieleza kwamba huenda watoto waliendelea kuvuta moshi kutoka kwengine, kama vile taka zinazochomwa, na kwamba baadhi ya majiko yaliharibika.

Funzo lake ni kwamba jiko lililowekwa kando ya mafiga ya zamani, mafiga yakaendelea kuwashwa, halileti nafuu iliyokusudiwa. Nalo jaa linalochomwa uani hulirudisha ndani dhara lililotolewa jikoni.

Aidha, kutoonekana kwa moshi si dalili ya usalama. Makaa yana moshi mchache, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Seredani yenye moto isiingizwe kabisa katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata katika usiku wa mvua.

NASAHA

Mwenye uwezo wa kutumia gesi au umeme, hata kwa chai ya asubuhi tu, atakuwa amejipunguzia saa za moshi. Asiye na uwezo huo aanze na lisilohitaji fedha: akaushe kuni, azitie kidogo kidogo, afungue madirisha, na amuweke mtoto mbali na moto. Kisha achague jiko kwa kufuata maelezo ya hapo juu, na likishafika nyumbani aondoe mafiga.

Kwa watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kununua majiko ya skuli, hospitali na kambi, inashauriwa kwamba maelezo ya zabuni yasiishie kwenye idadi na bei. Yataje daraja ya moshi inayotakiwa, aina ya kuni zitakazotumika na mahali pa kuzikaushia, pamoja na fundi atakayeyahudumia majiko hayo. Mpishi wa skuli husimama mbele ya moto kila siku ya masomo, na kifua chake ni sehemu ya gharama, hata kama hakikuandikwa katika hati ya malipo.

Tahadhari kabla ya athari.